Kanzu Isiyo na Uzi wa Chini

Shangazi yangu Mwanawetu hakuwahi kufungua cherehani yake kuangalia kama bobini bado ina uzi. Alisikiliza. Alisema uzi wa chini ukikaribia kwisha, bobini huwa nyepesi na sauti hubadilika, na hapo fundi wa kweli huondoa mguu. Mafundi wenzake pale barazani Nakivubo, mtaa usiopungua watu, walichungulia kwa macho, naye aliwaonea huruma.

Baba mdogo Abubakar hakumwonea huruma mtu. Alisema dada yake amezeeka, masikio yamechoka, na siku kosa moja likionekana mbele za watu, cherehani itauzwa, yeye akae nyumbani kuchambua mchele. Shangazi bila cherehani, labda Nakivubo bila watu. Kwa hiyo nilipopata mchumba, Zahara, nikatangaza kwamba kanzu yangu ya ndoa atashona shangazi, na asiyependa asije.

Siku ya ndoa tulikuwa tumeshafika Luzira, mlangoni kwa baba yake Zahara, simu yangu ikalia. Alikuwa Nakhisa, Mkenya anayeshona karibu na shangazi.

"Swaibu, kanzu umevaa?"

"Nimevaa."

"Basi usiinue mkono. Nimefungua mashine ya shangazi yako nitie mafuta, nikakuta bobini iko tupu. Mabega iko sawa, hiyo niliona. Lakini mbavu zote mbili, kwapa mpaka chini, ameshona na uzi ya juu peke yake."

Asiyeshona hawezi kujua ubaya wa habari hii. Uzi wa juu bila wa chini haufungi kitu. Umelala tu juu ya kitambaa, na ukivuta ncha moja wote unakuja. Kilichonisitiri kilikuwa wanga wa muhogo, ambao shangazi huutia mpaka kanzu inaweza kusimama bila mtu ndani. Na jasho lilikuwa limeanza kuulainisha. Chini yake nilivaa suruali na fulana ya bure ya tangazo la saruji.

Kurudi mjini haikuwezekana. Shehe alikuwa na ndoa nyingine Kabalagala na hakuficha haraka yake. Nikaingia nimebana mikono mbavuni, nikasalimiana kwa ncha za vidole, nikakaa mkekani bila kukunja kiuno, jambo ambalo ukiweza nipe taarifa. Baba mdogo hakubandua macho kwangu. Wazee wakanong'onezana.

"Kijana ametulia," mmoja akasema. "Ana adabu ya zamani."

Shehe akaniambia nimpe Haji, baba yake Zahara, mkono. Baba mkwe wangu alivaa saa ya chuma, ile ambayo mkanda wake unang'ata nywele. Nikasema nimekubali, nikasema vizuri, na nikafikiri tumevuka. Haji akauachia mkono wangu. Ncha ya uzi ya kwapani ilikuwa imenaswa kwenye mkanda wa saa.

Akavuta mkono, uzi ukaja. Akavuta tena, ukaja zaidi, mweupe, haukatiki, na ubavu wangu wa kulia ukaanza kufunguka.

"Hii ni nini sasa?" akauliza.

Baba mdogo akainua shingo, na nikajua cherehani inauzwa kesho asubuhi. Shangazi alikuwa amekaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia.

"Ni ada ya kwetu, Haji," nikasema. "Ya pwani. Baba mkwe anavuta uzi, ukapera unatoka."

Sasa, sisi tuna ugonjwa mmoja. Babu zetu walitoka pwani, sisi tumezaliwa hapa, na ada zao hatujui hata nusu, ila hakuna anayethubutu kukiri. Mzee mmoja akakohoa.

"Kale, ni kweli. Babu alikuwa anafanya hivi."

"Lakini wanaanza kushoto," akasema mwingine.

"Kushoto ni watu ya Tanga. Sisi ni kulia."

Baba mdogo alitazama huku na huku. Kuonekana hajui ada ilikuwa aibu asiyoiweza.

"Haji, ssebo, mzee wangu, usivute haraka," akasema kwa ukali. "Heshima iko wapi? Inavutwa pole pole, watu wakisoma."

Wakasoma. Haji akavuta ubavu wa kulia, machozi yakamlengalenga, kisha akaomba ncha ya kushoto. Kanzu ikabaki imening'inia mabegani, mbele aproni, nyuma pazia, na jina la saruji likasomeka kwa kila mtu. Wanawake wakapiga vigelegele. Vilipokwisha kabisa, na shehe ameshaanza dua, nikamsikia shangazi anapiga vya kwake peke yake, kwa furaha yote. Ndipo nilipojua kwamba masikio yale hayakuchoka. Yalikuwa yameondoka. Nilitamani kulia, na kwa vile Haji alikuwa analia, nikalia.

Tangu siku hiyo hakuna bwana harusi wetu anayeoa na kanzu iliyoshonwa vizuri. Wanakuja hata kutoka Jinja kumtafuta fundi anayejua mshono wa ada. Mwaka jana kijana mmoja alivutwa uzi ukagoma, kumbe fundi wake aliacha bobini na uzi wake, na wazee wakaahirisha ndoa.

Wiki iliyopita alikuja baba mdogo Abubakar mwenyewe. Mwanawe anaoa. Akasimama mbele ya cherehani ile ile aliyotaka kuiuza.

"Dada, uzi ya chini usiweke hata kidogo. Umesikia?"

Shangazi aliendelea kukanyaga. Nikapita nyuma ya baba mdogo, nikainua bobini tupu juu ya bega lake ili shangazi aione.

"Nimesikia," akasema shangazi.

Baba mdogo akaondoka ameridhika. Njia nzima mpaka kwenye teksi aliniambia kwamba masikio ya dada yake, kwa umri ule, ni ya kushangaza.