Moja, Mbili, Ndege Kaenda

Miaka kumi na tisa baba mkwe ananiita "yule wa pasipoti", kwa kuwa kazi yangu ni kupiga picha za pasipoti studio. Mtu akimuuliza binti yake kaolewa na nani, anajibu hivyo, halafu anabadilisha mazungumzo. Inauma, jamani. Nilikuwa naficha tu.

Mwaka huu mguu ukamlaza. Hakulalamikia maumivu; alilalamikia mdiria, yule ndege mdogo wa buluu mwenye mdomo mrefu, ambaye mzee alizoea kwenda kumtazama bwawani kila asubuhi. Mimi na mdomo wangu nikajipiga kifua mbele ya ukoo mzima: "Baba, nitakuletea picha yake."

Mzee akanitazama. "Huyo hakai kwenye stuli ya studio," akasema.

Nikaazima lenzi ndefu kwa rafiki yangu anayepiga picha za mpira. Ndefu kama mkono wangu, nzito kama mtoto aliyelala, na alitaka nimrudishie saa saba mchana bila kukosa. Mke wangu akasema atanisindikiza anibebee stendi. Uongo mtupu! Alikuja kucheka.

Asubuhi pale bwawani, lenzi ile ukipumua tu, imehama. Nikapiga matawi, nikapiga mawingu, nikapiga sikio la mke wangu. Saa tatu mdiria akatua kwenye mti mkavu. Nikamweka katikati, safi kabisa, nikafungua mdomo: "Haya, kidevu juu kidogo, usicheke. Moja, mbili..."

Pruu! Kaenda.

"Wewe!" mke wangu akaninong'oneza. "Unamhesabia ndege?"

Sasa ningefanyaje? Kidole changu hakijui kubonyeza kabla ya tatu. Ndege akarudi, nikaapa kunyamaza, nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Moja..." Pruu! Mara ya tatu nikamwambia ageuze bega. Mara ya nne nikamfokea, "Tulia wewe, wenzako wako kwenye foleni!"

Mke wangu alikuwa chini kwenye majani, kajishika mbavu. Alipomaliza kucheka akakunja leso yake, akanisokomezea mdomoni.

"Baba anasubiri," akasema. Hapo hakuwa anatania.

Nikatulia kama gogo, jicho kwenye kamera. Saa sita ikapita. Ghafla kila kitu kikawa ukungu wa buluu. Nikazungusha lenzi huku, nikazungusha kule, wapi! Hasira zikanipanda, nikataka kuitukana lenzi ya watu, ikatoka "Mm! Mm!" tu. Nikainua kichwa.

Mdiria alikuwa amekaa juu ya lenzi, mwishoni kabisa, mkia unaning'inia mbele ya kioo. Ananitazama. Mtambo wote ule wa kuvuta vitu vya mbali, na ndege mwenyewe yuko hapa puani! Nyuma yangu simu ya mke wangu ikalia: cha!

Hiyo ndiyo picha pekee tuliyompelekea mzee. Ndege kaketi, na chini yake mimi, macho yamenitoka, leso mdomoni. Mzee akacheka mpaka akaushika mguu. Kisha akapitisha kidole taratibu kwenye yale mabawa.

"Ndiye," akasema.

Sasa imetundikwa mbele ya kitanda chake. Jana nikiwa mlangoni, nilimsikia muuguzi anayekuja nyumbani kumtibu mguu akiuliza, "Na huyu chini ya ndege ni nani?"

"Mwanangu huyo," mzee akajibu. "Mpiga picha."

Sikuingia. Nilirudi uani kwanza, nikajifuta macho kwa leso ileile.