Robo ya Upana

Mpimaji wa viwanja alifika kwa baba yake Jumamosi mchana, viatu vyake vya kazi bado vina udongo mkavu. Alikuja kuomba jambo moja. Mke wake alikuwa na mimba kubwa, daktari amemwamuru asisimame, na mama yake mzazi alikwisha kufariki. Wiki inayofuata mpimaji alitakiwa kwenda kupima mashamba mbali na mji. Alihitaji dada yake aje kukaa na mgonjwa. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwomba, na dada alilijua hilo.

Dada aliishi na baba yao na kumtunza. Mpimaji alimkuta jikoni akikwangua sufuria.

"Wifi yangu hajambo?" aliuliza dada bila kugeuka.

"Hajambo kidogo. Miguu imevimba."

"Pole yake."

"Dada, nimekuja kukuomba…"

"Usiniombe. Mtu aliyenikata kwenye video ya harusi yake, leo ananitafutia nini? Asiyekuwapo na lake halipo. Mimi sikuwapo."

Jibu hilo lilikuwa na miaka miwili. Siku ya harusi dada alisimamia kila kitu, kuanzia viti hadi maji ya kunawa. Video ilipokuja, familia ikakusanyika kwa baba kuitazama, na dada hakuonekana. Katika picha ya familia nzima, pale alipokumbuka kuwa alisimama, palibaki kiwiko. Bibi harusi ndiye aliyekaa na mpiga video kuchagua kipi kibaki na kipi kitoke. Kwa dada, ushahidi ulitosha. Mke wa mpimaji alilia, akakana, kisha akachoka kukana akasema kila mtu aamini anachotaka. Tangu hapo mawifi hao hawakusalimiana.

Mpimaji alikwisha kujaribu upole, hasira na kunyamaza. Hakubakiwa na njia ya nne. Basi aliomba kuiona tena video yenyewe. Alikuwa ameitazama mara moja tu, ile siku ya kwanza, na kama bwana harusi yeyote alikuwa ameangalia zaidi jasho lake mwenyewe.

Flashi waliyopewa ilipotea katika kuhama nyumba. Nakala iliyobaki ilikuwa kwenye kompyuta ya baba, sebuleni, kando ya cherehani. Baba alikuwa fundi cherehani mstaafu, na kompyuta aliitunza kama alivyotunza cherehani: kitambaa juu, vumbi marufuku. Skrini yake ilikuwa ya zamani, umbo la karibu mraba.

"Tazama basi," alisema baba, akisogeza kiti. "Inajaa vizuri. Hakuna pengo hata moja."

Ilijaa kweli. Mpimaji aliangalia saa ya ukutani nyuma ya maharusi. Ilikuwa duara kamili, kwa hiyo picha haikubanwa. Kama kulikuwa na kitu kilichofanyika, ilikatwa. Alimpigia simu mpiga video.

"Ile ya harusi yako? Kaka, nilishaifuta. Mashine yangu haina tumbo la kubeba harusi za watu wote."

"Ulitupatia waidi, ile picha pana, au fulskrini?"

"Waidi. Fulskrini siku hizi nani anaitaka?"

"Hapa imejaa skrini nzima."

"Basi umebonyeza fulskrini."

"Nimebonyeza. Lakini skrini ni ya mraba. Picha pana inajazaje mraba?"

Mpiga video alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu anayeeleza kitu kile kile kila siku.

"Kaka, nisikilize. Fulskrini ya kubonyeza inatandaza tu picha uliyonayo. Fulskrini ya umbo ni nakala iliyopunguzwa pande, ilikuwa ya televisheni za zamani. Wateja wananimaliza kwa hilo. Mmoja aliagiza fulskrini, nikampa, akarudi kuniuliza shangazi zake wako wapi."

"Na sisi labda ulitupatia hiyo."

"Labda. Sidhani. Kaka, nina watu hapa."

Simu ikakatika.

"Umemuuliza nani alimwagiza?" dada aliita kutoka jikoni.

 Mpimaji alirudisha video mwanzo. Jina la studio lilitokea kwa herufi za dhahabu, na herufi ya kwanza haikuwapo, wala ya mwisho. Chini yake namba ya simu ilianzia katikati na kuishia njiani. Aliitazama kwa muda.

"Dada, njoo. Mtu anaweza kuagizwa amkate wifi wa bibi harusi. Lakini hakuna mfanyabiashara atakayekata namba yake ya simu. Hii imekatwa baada ya kutoka studio."

Dada alikuja hadi mlangoni, mikono ikichuruzika maji. Mpimaji alifungua mipangilio ya programu iliyokuwa ikionyesha video. Kwenye sehemu ya kukata picha palichaguliwa umbo la skrini hiyo ya karibu mraba, na alama ilikuwa imewekwa kwamba iwe hivyo siku zote.

"Baba, nani aligusa hapa?"

"Mimi," alisema baba, kwa fahari. "Ilikuja na mistari myeusi juu na chini, kama pindo lililosahaulika. Siku ile, kabla hamjafika, nikajaribu hiki, nikajaribu kile, mpaka ikatoka. Skrini nimenunua nzima, nitazame kipande?"

"Na pande?"

"Pande zipi? Mimi nilitoa weusi tu."

"Baba!" alisema dada. "Miaka miwili nalalamika humu ndani kwamba nimekatwa!"

"Ulisema umekatwa na wifi yako. Kompyuta hukuitaja."

Mpimaji aliondoa alama. Picha ilishuka, ikawa nyembamba, mistari myeusi ikarudi juu na chini. Pande zikafunguka. Dada alikuwapo, mzima, mwisho wa mstari, mkoba mkononi, mdomo wazi akimkaripia mtu.

"Imekatwa robo ya upana," alisema mpimaji. "Nusu yake kila upande. Aliyesimama mwisho…"

"Sijakuuliza hesabu. Kwa nini niko mwisho? Dada wa bwana harusi, nyuma ya majirani! Nani alinipanga pale?"

Mpimaji alifumba macho. Alidhani ukweli ukipatikana kazi imekwisha. Ulikuwa umepatikana, na kazi ilikuwa pale pale.

"Sijui, dada."

"Nipe simu."

Alimpa. Hakuwa na nguvu ya kukataa.

"Wifi? Ni mimi… Hapana, hakuna msiba. Sikiliza. Hukunikata, nimeona, ni baba na kompyuta yake. Lakini niambie, nani alinisimamisha mwisho?" Alisikiliza, uso umekunjwa. "Mimi? Nilikwenda wapi?… Mkoba wa nani?" Aligeukia skrini, akautazama ule mkoba mweupe, wenye shanga, wa bibi harusi, ambao hakuna mtu angeudhania kuwa wake yeye.  "Hata kama nilikwenda kuuleta. Nikirudi mngenisogeza katikati, mngekufa?… Usicheke, wifi, sijakusamehe… Imevimba mpaka wapi? Umeiweka juu ya mto?… Nani anakupikia? Huyu? Huyu maji yanamuungulia!"

Mpimaji aliketi juu ya kiti cha cherehani. Mabishano yaliendelea juu ya kichwa chake, mara kuhusu mstari, mara kuhusu miguu, mara kuhusu nani alikuwa wa kwanza kukataa salamu ya mwenzake. Hakukubaliwa hata jambo moja.

Dada alifunika simu kwa kiganja.

"Anauliza unanipeleka lini."

"Kesho," alisema mpimaji, kisha akaona uso wake. "Leo."

"Basi kamalizie masufuria, mimi nipange nguo."