Maneno ya Penseli

Jumamosi hiyo fundi friji alikuwa anakuja saa nne asubuhi kusikia jibu, na Mwalimu alikuwa nalo tangu Jumatatu: hapana. Binti yake, muuguzi mwenye cheti ukutani, aolewe na mtu anayeshinda amelala nyuma ya mafriji ya watu? Thubutu!

Ili kupitisha muda alichukua kitabu chake cha zamani cha tamthilia, kile kichekesho cha kale alichokifundisha miaka nenda miaka rudi. Ndani yake kuna baba mwenye majivuno aliyemkatalia binti yake kuolewa na fundi saa, na kijana akibisha hodi, mzee hujificha kabatini. Mwalimu akavaa miwani, akashika kiuno.

"'Nikae meza moja na mtu anayenuka mafuta ya saa?'" alisoma kwa madaha.

Mkewe, aliyekuwa anapiga pasi, akacheka mpaka akaiweka pasi kando.

"Unacheka nini? Mzee wa watu ana hoja! Ujanani sikumwelewa, kumbe ndiye mwenye akili peke yake humu."

"Jana ulisema fundi ananuka gesi, baba," binti alisema.

"Gesi ni gesi, mafuta ni mafuta."

Binti akachungulia ukurasa. "Na hapa pembeni kwa penseli? 'Jitu zima ovyo! Nikizeeka hivi, nifungiwe kabatini, ufunguo utupwe.'"

Mwalimu akakivuta kitabu. Lo! Mwandiko ulikuwa wake.

"Mwanafunzi fulani huyo..."

"Mwanafunzi gani!" mkewe alidakia. "Uliandika wiki ile baba yangu alipokukataa. Alisema hataki mkwe mwenye vumbi la chaki masikioni. Ukaja dirishani kunisomea, ukalia."

"Sikulia."

"Nilikupa leso yangu, na hujairudisha mpaka leo."

Mwalimu akaketi. Miaka yote hiyo alikuwa amewafundisha watoto wa watu kumcheka yule mzee, tena akawapa alama kwa kucheka vizuri. Kumbe alikuwa anawaandaa wamcheke yeye. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, palepale penye chaki.

Hodi ikapigwa. Kabati lilikuwa hatua mbili tu, na hatadanganya, alilitazama. Kisha akaenda kufungua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mwalimu akanusa, kwa mazoea tu. Sabuni tupu. Mikono ya kijana ilikuwa imesuguliwa mpaka kuchubuka.

"Umewahi kusoma tamthilia hii?"

"Hapana, mzee."

"Chukua, na penseli hii. Ukifika kwa yule baba, mtukane pembeni utakavyo, ila mwandiko usomeke. Halafu kitunze. Mkijaliwa mtoto wa kike, utakihitaji."

Kijana alibaki amekishika kitabu kwa mikono miwili, hajui acheke au apige magoti. Binti alishaelewa, akapiga kigelegele. Mkewe Mwalimu alimletea mumewe leso nyingine.