Unyoya Mbele ya Mdomo

Jioni tulipomkuta Mwalimu Osiako akifunga manyoya ya kuku kwenye kamba ya nguo ndani ya kanisa letu la Mayoni, sisi waimbaji wa besi tulikonyezana. Tuliamini mzee amechanganyikiwa.

Alikuwa na sababu ya kuchanganyikiwa. Miaka miwili mfululizo waamuzi wa tamasha la kwaya mjini Kakamega walituandikia maneno yale yale: sauti tamu, maneno hayasikiki. Wazee wa kanisa wakakata shauri. Tukirudi na lawama hiyo mara ya tatu, kwaya aliyoilea tangu ujana wake angemwachia msaidizi wake, Beldina.

"Mwalimu, tunamezanga ncha za maneno," Beldina alimwambia kwa upole, "na wewe unasemanga ni sawa."

Maneno hayo yalimpeleka hospitalini. Muuguzi Cherotich alimvisha vidude vya masikioni, akampima, kisha akamweleza. Irabu ni nene, masikio yake bado yanazidaka. Lakini s, f na sh husafiri kwa sauti nyembamba za juu, na hizo ndizo zinazotenga neno na neno. Miaka ishirini na sita ya kusimama kando ya kinu chake cha kusaga mahindi ilikuwa imezila zote.

Mzee alilia, hakutuficha. Siku tatu hakutaka kuona mtu. Siku ya nne mkewe, Nafula, alikuwa akinyonyoa ingokho, kuku wa wageni, huku akimsuta kwa kususia chakula. Osiako hakuambulia hata nusu ya masuto, ila aliuona unyoya kiganjani mwa mkewe ukirukaruka kila alipotamka s, f au sh. Alichonyimwa na sikio, jicho lilikiona.

Ndipo kila mmoja wetu akapewa unyoya wake, ukining'inia kwa uzi mbele ya mdomo. Tuliimba, naye akatazama. Ya soprano yalicheza. Yetu yalitulia kama wakwe ugenini.

"Chrispinus, unyoya wako umelala," aliniambia.

Tulicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu manyoya thelathini yalikuwa yakipepea kwa pamoja, na hakuna aliyecheka tena. Mimi mwenyewe niliona aibu kwa miaka yote niliyoimba nusu ya kila neno.

Siku ya tamasha ukumbi ulifurika. Osiako alimwita Beldina.

"Mama, keti nyuma kabisa. Neno likikupotea, inua mkono. Nitayaona makosa yangu mwenyewe."

Tuliimba beti nne. Mwalimu alituongoza huku akipeleka macho kule nyuma. Mkono wa Beldina haukuinuka hata mara moja. Mwisho wa wimbo alikuwa amesimama juu ya benchi, shavu limelowa, yeye ambaye angeirithi kwaya kama tungeshindwa.

Kwaya ziliitwa kwa namba tu. Mtangazaji alipoitaja iliyoshika nafasi ya kwanza, Osiako aliniinamia, uso umemkauka.

"Ni nani?"

Ukumbi ulikuwa umeshaanza kulipuka kwa vigelegele. Nilitoa unyoya mfukoni, nikauweka mbele ya mdomo wangu.

"Sisi," nilimwambia.

Aliutazama ukiruka mara mbili.