Kikombe cha Yaya

Mke wangu Gulshan amerudi Tabora, mimi ameniacha hapa ughaibuni, Mississauga. Mwili wake ulikuwa sebuleni kwetu, ghorofa ya tisa. Akili ilikuwa nyumbani kwa baba yake mwenye duka, enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimemwahidi kwamba sitampeleka kwenye nyumba ya wazee. Ahadi ni deni, na mimi ni mbishi.

Aliyenisaidia kuitimiza ni Générose, mama wa Kikongo aliyekuja kumhudumia kila siku. Nikimlisha mimi, Gulshan anatema. Akimlisha Générose, anakula, kwa sababu anamwita Nyamizi, jina la yaya aliyemlea utotoni.

Aibu ilianza na chai. Gulshan alitoa kabatini kikombe kikuukuu cha bati, akakitenga peke yake: hicho ndicho cha Nyamizi, na akinywee chini. Ndivyo ilivyokuwa kwao, na kwetu pia, nisijifanye mtakatifu. Mzungu alitutenga sisi Wahindi hospitalini na kwenye mabehewa ya treni, nasi tukarudi nyumbani tukatenga vikombe.

Nilitamani ardhi inimeze. Générose alikaa sakafuni, akapokea chai yake.

"Papa, usihangaike," aliniambia. "Miye nakunywa chai, sinywi kikombe."

Mwezi uliopita, Générose alipoinuka kwenda jikoni, Gulshan alikichukua kikombe kile akanywa. Kisha akaita kuelekea jikoni:

"Nyamizi, kimbia. Mama ameniona."

Nikaelewa. Tulipokuwa wachumba aliwahi kunisimulia, mara moja tu, kwamba akiwa mdogo alikunywa kwenye kikombe cha yaya wake. Yeye alichapwa, yaya alifukuzwa siku hiyo hiyo, hata kuagana hawakuruhusiwa.

Tangu hapo, kila Générose akiingia, Gulshan alimsukuma atoke huku analia. Hakumchukia. Alikuwa anamwokoa. Na chakula akakikataa kabisa, mpaka mwanetu Faraz akaja kutoka kwake Agincourt, akaniambia kwa hicho Kiingereza chake cha upole kwamba mama yake anakufa kwa njaa. Nilimtukana. Kisha nikatia sahihi fomu za nyumba ya wazee, na roho yangu bado inaniuma.

Jana nilimkuta kwenye hiyo nyumba ya wazee, sahani ya wali mbele yake haijaguswa. Nikavuta kiti. Alinitazama kwa adabu, kama binti anavyomtazama mteja wa baba yake. Tumezeeka katika ndoa hii, lakini huko aliko bado hatujaonana.

"Bwana, umetoka mjini?" aliniuliza. "Umemwona Nyamizi?"

Ningeweza kumwambia mimi ni nani. Niliutamani sana mkono wake. Lakini wali ulikuwa unapoa.

"Nimemwona. Amepata kazi kwa watu wema. Anasema ule."

"Hawamkalishi chini?"

"Anakaa kwenye kiti, mezani, pamoja nao."

Akafungua mdomo. Nilimlisha polepole mpaka sahani ikabaki tupu, nikamfuta kidevu. Alinishukuru vizuri sana. Kisha akaniomba niondoke, kwa sababu baba yake hapendi azungumze na wanaume asiowajua.