Damu Kwenye Tarumbeta

Juma lile la kuelekea Pasaka Ephraimu hakutulia hata siku moja. Akiketi, anasimama, akishika jembe, analiacha katikati ya migomba, akiitwa chakula, anasema ameshiba hali hajala. Na ulimi wake ndio haukuwa na adabu kabisa: kutwa ulisukumasukuma jino la mbele la juu, kuona kama bado linacheza. Lilikuwa linacheza.

Kwa mtu mwingine jino ni jino. Ephraimu alikuwa mpiga tarumbeta wa kwanza wa usharika wao huko Nkoaranga tangu kabla ya vita vya Hitler, na tarumbeta huegemea mdomo, mdomo nao huegemea meno. Tena mwaka huo kulikuwa na kaburi jipya. Baba yake, mzee Elirehema, alizikwa wakati wa kuchuma kahawa, na alfajiri ya Pasaka matarumbeta hupigwa makaburini kabla jua halijatoka. Mzee aliupenda wimbo mmoja kuliko nyimbo zote. Kabla ya kufa alimwambia mwanawe, "Huo unipigie wewe mwenyewe."

Mambo yalianza na damu kidogo kwenye mswaki wa kijiti. Ephraimu alipoona wekundu akakitupa. Hapo ndipo alipokosea, wala si kwa uvivu, bali kwa akili zake mwenyewe: kidonda, alijiambia, hakikwaruzwi. Akauacha upande ule wa kushoto upumzike. Ukapumzika kweli, mwaka mzima! Fizi zikavimba, zikawa laini kama ndizi iliyoiva mno, damu ikatoka hata zisipoguswa. Kwenye mazoezi alikuwa akifuta mdomo wa tarumbeta kwa kitambaa na kukificha mfukoni upesi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na sauti ya juu, iliyotoka imepasuka mbele ya kiongozi wao, mwalimu Mikaeli.

"Ephraimu, unaumwa?"

"Hapana, Mwalimu. Baridi tu."

Mkewe Kaanaeli hakudanganyika. "Baba Eunike, hiyo harufu si ya baridi. Kesho teremka mjini."

Alhamisi ya juma lile akapanda lori hadi Arusha, akapita mlango wa daktari wa meno mara kadhaa akijifanya ana safari nyingine, kisha akaingia. Daktari Amarjit, Singasinga mwenye ndevu zilizofungwa vizuri, alimchungulia kinywani kwa kitambo.

"Hapa kushoto hupigi mswaki."

"Panatoka damu, daktari."

"Panatoka damu kwa sababu hupigi." Akampa kioo, akamwonyesha ukoga ulioganda chini kabisa, pale fizi inapokutana na jino. "Huu ndio unaokula fizi. Fizi ikiliwa, jino linabaki bila kishikio. Mimi nitaukwangua leo. Kazi ya kila siku ni yako: mswaki laini, asubuhi na usiku, taratibu, tena palepale panapotoka damu. Itakoma yenyewe."

Ephraimu aliona aibu, lakini hasira ilizidi. Kumbe mwaka mzima alikuwa anamlinda adui! "Na hili la mbele?"

"Likitulia, huenda likashika tena. Unafanya kazi gani?"

Alipotaja tarumbeta na alfajiri ya Pasaka, daktari akatikisa kichwa. "Usipulize mpaka nikuone tena. Ukipuliza Jumapili, jino hili litatoka, na tarumbeta ndiyo basi, maisha yako yote."

Siku mbili zilizofuata alizunguka kati ya nyumba na kaburi. Apige mara moja kwa ajili ya baba, kisha asipige tena? Au amwachie Thomasi, mpigaji wa pili, na avunje agizo la marehemu? Alipiga mswaki palipouma, akatema damu, akaapa harudii, akarudia. Jumamosi akampelekea Thomasi habari kwamba yeye Thomasi ndiye atakayeongoza, akaondoka mbio asije akaghairi.

Alfajiri ya Pasaka alisimama kando ya kaburi la baba yake, mikono haijui pa kukaa. Thomasi aliupiga wimbo wa mzee vizuri, na hilo liliuma kuliko kama angekosea. Watu wakaimba. Ephraimu naye akafungua kinywa ili walau mzee asikie sauti yake, na hakuna neno lililotoka. Kila mara wimbo huo ulipoimbwa alikuwa na tarumbeta mdomoni. Sauti zake zote alizijua, maneno hakuyajua.

"Nitajie," alimnong'oneza mkewe.

Kaanaeli alishangaa, kisha akaelewa. Akamtajia sikioni mstari baada ya mstari, naye akaimba nyuma yake kwa sauti ya kukwaruza. Ubeti wa mwisho ulimwomba Bwana aliyefufuka amtunze mtoto anayebaki nyuma. Ephraimu aliuimba hadi nusu, akajua kwa nini mzee aliuchagua, akalia mbele ya usharika wote, kinywa wazi.