Danimo Hakuwa Mtu wa Kuanguka

Peres alimpenda Danimo kabla hajampenda mumewe, na hakuwahi kulificha jambo hilo. Jina lenyewe kwenye filamu lilikuwa Rex Dunmore, jasusi wa Kiingereza mwenye suti ya kijivu, lakini mtaani Kangemi alikokulia Peres, katika vibanda vya video nyuma ya soko, kila mtu alimwita Danimo. Danimo aliruka kutoka kwenye helikopta akatua akinyoosha tai. Alimiminiwa risasi na kundi zima la maadui na wote wakamkosa. Kila filamu iliisha akicheka. Peres alizitazama zote, nyingine mara nyingi mno hata akawa anayasema maneno ya Danimo kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Basi mwaka wa 2007 iliposikika kwamba Danimo anaanzishwa upya, kwa mwigizaji mpya na hadithi inayorudi hadi siku zake za kwanza kazini, Peres alinuna.

"Kwani aliharibika wapi ndiyo aanzishwe upya?" alimuuliza Urvashi, ambaye walifanya kazi pamoja katika duka la miwani mjini.

Urvashi alikuwa ameshaitazama filamu hiyo mpya. Akacheka. "Wewe enda tu uone. Utalia."

"Mimi niende kwa Danimo kulia?"

Aliyenunua tiketi ni Joash, mumewe. Joash alikuwa fundi wa paa. Mapema mwaka huo, akiezeka nyumba moja mtaani Spring Valley, mbao za jukwaa la ujenzi zilikatika chini ya miguu yake akaanguka, akavunjika nyonga. Alipona kwa namna fulani. Sasa alichechemea, hakupanda juu tena, akawa anaunda stuli na rafu nje ya chumba chao. Miezi yote hiyo Peres ndiye aliyemuogesha na kumgeuza kitandani, na Joash alitaka amfurahishe kwa kitu anachokipenda.

Wakaenda Jumamosi mchana, Peres amevaa gauni lake jekundu. Taa zilipozimwa alimshika Joash mkono. Muda si mrefu akauachilia.

Huyo Danimo mpya hakuwa na suti. Alivaa sweta. Nywele hazikuchanwa, na mkubwa wake alimkaripia naye akanyamaza.

"Huyu ni nani sasa?" Peres alisema, si kwa kunong'ona. "Huyu ni Danimo ama ni makanga wa matatu?"

Watu wa safu ya mbele wakacheka. Peres akapata nguvu. Kila Danimo alipofanya jambo, yeye alilitolea kasoro, mpaka kicheko kikaisha na watu wakaanza kumnyamazisha. Ndipo ikafika sehemu Danimo anamfukuza adui juu ya jengo linalojengwa. Akateleza. Akaanguka, na filamu haikugeukia pengine. Ilibaki pale pale juu yake, amelala kwenye kokoto, mguu umepinda vibaya, anapiga mayowe akimwita mamake.

Peres aliruka kutoka kitini.

"Ujinga mtupu! Danimo haanguki! Mwanaume mzima analia kama mtoto amenyang'anywa mandazi! Mtu kama huyo ni wa nini tena? Si wamtupe, watafute mwingine!"

"Mama, keti chini!" sauti ya mwanamume ikatoka nyuma.

"Siketi!"

Akachukua mkoba wake akatoka. Alisimama barabarani akimngoja Joash amfuate. Joash hakutoka. Peres akangoja, hasira ikipanda, kisha akaenda zake nyumbani peke yake.

Joash alifika jua likitua. Akaketi kwenye stuli, akanyoosha mguu wake mbaya.

"Umekaa huko kufanya nini?" Peres akamuuliza.

"Kuangalia filamu."

"Hiyo takataka?"

"Peres, yule mtu alipoanguka, ulisema nini?"

"Nilisema ukweli."

"Ulisema mtu kama huyo ni wa nini tena. Ukasema wamtupe, watafute mwingine. Sinema nzima imesikia. Na mimi nimekaa hapo kando yako, na hii mguu yangu."

"Si wewe nilikuwa nasema," Peres akasema. "Nilikuwa nasema Danimo."

"Sawa," Joash akasema, na tangu hapo hakulitaja tena. Siku zilizofuata walipeana chumvi na chai kama wageni waliokutana hotelini.

Kazini Peres hakuwa na amani pia. Urvashi alijaribu kumtuliza. "Lakini si hiyo ndiyo uzuri yake? Sasa ni binadamu."

"Binadamu ninao nyumbani!" Peres akafoka, hata mteja aliyekuwa akijaribu miwani akageuka. "Binadamu wamejaa Kangemi. Nikitaka kuona binadamu akiumia, nitalipa kiingilio?"

Urvashi akarudi kwenye meza yake. Hawakula chakula cha mchana pamoja wiki hiyo.

Jumapili Joash alikuja na ile filamu kwenye diski, akawaita majirani. Peres aliwatazama wakijipanga kitandani na sakafuni, akabeba beseni lake akatoka nje kufua. Alifua kwa fujo. Kisha yale mayowe yakamfikia kupitia ukuta wa mabati, na mikono yake ikasimama ndani ya maji.

Aliingia na povu mikononi akaizima televisheni.

"Wee, Peres!" akasema Nthenya, jirani wa mlango wa pili.

"Washa," Joash akasema.

"Siwashi."

Majirani walitazamana, wakainuka mmoja mmoja wakatoka.

"Siku ile ulianguka," Peres akasema, "nilikusikia kutoka kwa geti ya hospitali. Sauti kama hiyo. Bado naisikia nikichota maji, nikiwa kazini, nikiwa kanisani. Danimo ndiye mahali nilikuwa naenda penye hakuna mtu huanguka, Joash. Mahali pamoja tu. Na wameenda wamepavunja."

"Na mimi," Joash akasema, "miaka yote umeniketisha mbele ya yule wako wa tai. Sijawahi kufanana na yeye hata siku moja. Huyu ndiye wa kwanza. Wewe ulitoka, hukuona. Huyu huinuka. Anachechemea mpaka mwisho, na kazi anaimaliza."

"Basi mchukue, awe wako. Wangu wamemuua."

"Nitamchukua."

Joash aliinuka, akaegemea mlango, akamwita Nthenya na wenzake warudi. Peres akapita katikati yao, akarudi kwenye beseni. Televisheni ikawashwa tena nyuma yake. Akaishika suruali ya mumewe ncha mbili, akaikamua kwa nguvu zake zote, kama shingo ya mtu aliyeitengeneza ile filamu.